Kufanya utafiti wa hisabati ukiwa nje ya chuo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mimi ni mhasibu. Mchana nalinganisha vitabu vya wafanyabiashara, usiku nafungua kaunta buku na kuhangaika na namba ambazo hakuna anayenidai. Kwa miaka kadhaa watu wameniuliza maswali yale yale: walimu wa sekondari, mafundi, vijana waliokatishwa masomo na ada, na mzee mmoja mstaafu wa reli anayenipigia simu kila Jumapili baada ya ibada. Nimeyakusanya hapa. Mengine majibu yake marefu, mengine mistari miwili inatosha.

## Mwanzo

Mtu asiye na shahada ya hisabati anaweza kweli kugundua jambo jipya?

Anaweza, na wapo waliofanya hivyo. Marjorie Rice alikuwa mama wa nyumbani huko San Diego, Marekani, na hisabati yake iliishia sekondari. Mwaka 1975 alisoma safu ya Martin Gardner, mwandishi wa mafumbo ya hisabati, katika jarida la sayansi lililokuwa likiletwa kwa ajili ya mwanawe, kuhusu pembetano zinazoweza kufunika sakafu nzima bila kuacha upenyo. Orodha ya aina nane ilidhaniwa imekamilika, kisha msomaji mmoja akaongeza ya tisa. Rice akajiundia alama zake mwenyewe, akawa anachora jikoni na kufunika karatasi mtu akiingia. Kufikia 1977 alikuwa amepata aina nne mpya. Gardner aliipeleka kazi yake kwa mwanahisabati Doris Schattschneider, naye akaikagua na kuieleza kwa lugha ambayo wenzake wangeielewa.

David Smith, fundi mstaafu wa uchapaji wa Bridlington, Uingereza, alikata maumbo ya karatasi hadi Novemba 2022 akapata umbo la pande 13, maarufu kama "kofia", linalofunika sakafu isiyo na mwisho bila mpangilio wake kujirudia hata mara moja. Alimwandikia Craig Kaplan wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada. Machi 2023 makala ikatoka, majina manne juu yake, la Smith likiwa la kwanza.

Watu wakisimulia habari hizi hutaja vipaji. Mimi naona zaidi Schattschneider na Kaplan. Bila msomaji wa kuhakiki, michoro ya Rice ingebaki kwenye droo ya jikoni.

Kuna tofauti gani kati ya utafiti na kuwa hodari wa hesabu?

Hodari wa hesabu hujibu swali ambalo jibu lake lipo nyuma ya kitabu. Mtafiti hajui kama jibu lipo, na mara nyingi hajui hata kama swali limekaa sawa. Wapo waliopata A zote wakashindwa kuvumilia hali hiyo, na wapo waliopata C wakaizoea.

Lazima niache kazi?

Usiache. Fermat alikuwa mwanasheria mjini Toulouse. Ramanujan alikuwa karani wa hesabu katika bandari ya Madras alipomwandikia Hardy, mwanahisabati wa Cambridge, mwaka 1913. Saa moja kila usiku inashinda siku moja nzima kwa mwezi, kwa sababu swali linaendelea kupikika kichwani ukiwa kwenye daladala.

Nimepita miaka 40. Nimechelewa?

Rice alikuwa na zaidi ya 50, Smith zaidi ya 60, na Thomas Royen wa Ujerumani alikuwa na 67 (habari zake ziko kwenye swali la majarida). Umri unakupunguzia usingizi tu.

## Kuchagua swali

Nianze na swali gani?

Anza na dogo unaloweza kulishika kwa mkono. Nitatoa mfano wangu, ingawa haukuishia kwenye ugunduzi wowote.

Fundi alikuwa akiweka marumaru kwa jirani yangu, vipande vya sentimita 30 kwa 60. Kulikuwa na kibaraza kidogo cha 90 kwa 120. Akaniuliza kwa utani, "Mhasibu, hapa kuna njia ngapi za kupanga bila kukata kipande?" Nikachora: njia 11. Kibaraza cha 90 kwa 60 kina njia 3. Cha 90 kwa 180 kina 41, na cha 90 kwa 240 kina 153. Nikatazama 3, 11, 41, 153 hadi chai ikapoa, nikaona: chukua namba, izidishe kwa 4, toa iliyoitangulia. Mara nne 11 toa 3 ni 41. Mara nne 41 toa 11 ni 153. Nilihangaika siku tatu kueleza kwa nini iwe hivyo, nikafaulu.

Kumbe linajulikana zamani. Mwaka 1961 Kasteleyn, na kwa upande mwingine Temperley na Fisher, walitoa kanuni ya sakafu yoyote ya mstatili. Ubao wa drafti wa 8 kwa 8 una njia 12,988,816. Sikuumia sana, kwa sababu sasa nilikuwa na kitu cha kubadili.

Hiyo ndiyo mbinu: badili sharti moja. Mfano, kibaraza ni cha 90 kwa 90, kwa hiyo unaweka vipande vinne vizima na kimoja kilichovunjika cha 30 kwa 30. Kilichovunjika kitakaa wapi? Kipake kibaraza rangi kama drafti: pembe nne na katikati nyeusi, yaani 5, na nyeupe 4. Kila kipande kizima hufunika nyeusi moja na nyeupe moja. Vinne vinamaliza nyeupe zote, kwa hiyo kilichovunjika lazima kikae kwenye nyeusi. Katikati ya ukingo hakiwezi kukaa kamwe, hata fundi awe hodari namna gani. Kikikaa kwenye pembe moja kuna njia 4, na pembe ni nne; kikikaa katikati kuna 2; jumla 18. Huo ni uthibitisho kamili, na fundi aliuelewa akiwa amepiga magoti na chokaa mkononi.

Endelea kubadili: weka nguzo katikati, kataza vipande vinne kukutana kwenye pembe moja, vunja vipande viwili. Baada ya mabadiliko matatu au manne unafika mahali ambapo hakuna aliyepita.

Kuna maswali yanayotoka kwetu?

Mengi. Bao lina mashimo 32 na kete 64, na tayari imeonyeshwa kwamba zipo hali ambazo mchezaji akianza kutembeza kete, mtembezo hauishi milele. Ukibadili idadi ya mashimo au kanuni ya kulala (mtembezo kukoma kete ya mwisho ikiangukia shimo tupu), maswali yanafumuka. Ukili wa mkeka nao: mapambo yanayojirudia kwenye mstari mmoja yana aina 7 tu za ulinganifu, na yanayojirudia kwenye uso mzima yana 17. Paulus Gerdes wa Msumbiji alitumia miaka mingi kuonyesha hisabati iliyomo katika ususi wa Kiafrika. Waulize wasusi wa Pemba au Mafia ni mishono gani "haikubali", kisha uthibitishe kwa nini haikubali.

Nijaribu maswali makubwa?

Jaribu, lakini usiyaweke kuwa kazi yako kuu. La Collatz ndilo linalomeza watu wengi: chukua namba, ikiwa shufwa gawa kwa 2, ikiwa witiri zidisha kwa 3 na uongeze 1, rudia. Je, kila namba huishia kwenye 1? Ukianza na 27 unapita hatua 111 na kupanda hadi 9,232 kabla ya kushuka. Swali ni la mwaka 1937. Mwanahisabati Terence Tao alilisogeza sana mwaka 2019 na bado halijaisha. Mzee wangu wa reli hunipa uthibitisho mpya kila robo mwaka, na kila mara kosa liko palepale: anathibitisha kwamba namba "kwa kawaida" hushuka. Kwa kawaida si kwa kila mara.

Hata hivyo, Aubrey de Grey, mtafiti wa mambo ya uzee, mwaka 2018 alisogeza swali la tangu 1950: unahitaji rangi ngapi kupaka uso wote ili nukta mbili zilizoachana kwa kipimo kimoja zisipate rangi sawa? Ilijulikana ni 4 hadi 7. Alijenga mchoro wa nukta 1,581 usiokubali rangi nne, kwa hiyo sasa ni 5 hadi 7. Jambo alilolileta lilikuwa kitu ambacho kompyuta ya mtu mwingine ingeweza kukikagua. Ndiyo maana alisikilizwa haraka.

## Vitabu na vifaa

Nitapata wapi makala bila kulipia?

Makala nyingi za hisabati za miaka 20 iliyopita zipo arXiv bure. Hifadhi hiyo ilianza mwaka 1991. Za zamani za Kifaransa ziko Numdam. JSTOR, maktaba ya mtandaoni, hukuruhusu, kwa akaunti ya bure, kusoma makala kadhaa kila mwezi. Zikikosekana zote, mwandikie mwandishi mwenyewe kwa adabu, sentensi tatu. Wengi hutuma siku hiyohiyo, na wengine hushangaa kwamba kuna mtu anawasoma.

Nitajuaje kama nilichopata kinajulikana tayari?

Chukulia kwamba kinajulikana, kisha utafute. Kama kazi yako inazaa mfuatano wa namba, andika namba tano sita za kwanza kwenye OEIS, ensaiklopidia ya mifuatano iliyoanzishwa na Neil Sloane mwaka 1964 na kuwekwa mtandaoni mwaka 1996. Ile 3, 11, 41, 153 yangu nilikuta ina namba ya A001835, pamoja na marumaru yangu. Kisha nenda zbMATH, orodha kubwa ya makala za hisabati, ambayo ni bure tangu 2021, utafute kwa maneno na kwa majina ya waliotajwa. Tatizo kubwa ni kwamba jambo lako huenda lina jina usilolijua. Mimi nilitafuta "kupanga vigae" kwa wiki nzima wakati wenyewe huliita kwa jina la dhumna. Hapo ndipo mtu mmoja anayelijua tawi hilo anazidi maktaba nzima.

Ukikuta mfuatano wako haumo OEIS, unaweza kuupeleka mwenyewe. Wahariri ni wa kujitolea na hukagua kila kitu. Ni shule nzuri ya kwanza ya kuandika kwa usahihi.

Nahitaji kompyuta gani?

Yoyote. Programu ya kukokotoa ya PARI/GP inafanya kazi hata kwenye simu ya Android na inatosha kwa nadharia ya namba. Python na SageMath ni bure, na LaTeX ya kuandikia ni bure. Pakua vitu vizito kwa bando la usiku.

Naweza kutumia akili mnemba?

Kwa kutafuta jina la jambo usilolijua, na kwa kuandika programu fupi, inasaidia sana. Kwa uthibitisho, shika kalamu nyekundu. Inaandika kwa ufasaha uleule iwe imepatia au imekosea, na pengo hulificha kwenye sentensi inayoanza na "ni wazi kwamba". Makala ambayo mwandishi hawezi kuieleza mstari kwa mstari ubaoni isitumwe popote. Ukitaka mashine inayokagua kweli, jifunze programu ya Lean: inakataa hatua yoyote isiyofuatia. Ni ngumu mwanzoni, na haina huruma.

## Kuandika na kutoa

Niandike kwa lugha gani, na mahali pa chuo nijaze nini?

Fikiria kwa lugha yoyote, mimi hufikiria kwa Kiswahili na matusi kidogo. Ukiituma, iwe Kiingereza au Kifaransa, kwa sababu wasomaji wa tawi lako wametawanyika duniani. Mahali pa chuo andika mji wako na barua pepe, basi. Usijipe cheo, "taasisi" yenye mtu mmoja humfanya mhariri afunge faili mapema.

arXiv inataka mdhamini. Nifanyeje?

Mwandishi mpya anahitaji kudhaminiwa na mtu aliyekwisha kuweka makala katika tawi lile. Kumdhamini mtu si kuikubali kazi yake. Ni kusema tu kwamba inafaa kuwekwa pale. Usitume ombi kwa watu hamsini usiowajua. Chagua mmoja ambaye umeitumia kazi yake ndani ya makala yako, na utumie njia iliyoelezwa kwenye swali la kutafuta msomaji.

Jarida lipi, na kwa nini mengine yanadai dola?

Majarida mengi mazuri ya hisabati hayamtozi mwandishi kitu. Kwa mambo ya kuhesabu na namba, tazama Integers, Journal of Integer Sequences na Electronic Journal of Combinatorics: kuandika bure, kusoma bure. Afrika Matematika ni jarida la Umoja wa Wanahisabati wa Afrika.

Mwaka wangu wa kwanza nilipokea barua pepe ikinisifu kama "profesa mheshimiwa", ikiahidi kuchapisha makala yangu ndani ya siku tano kwa dola 180. Nikakopa kwenye kikoba, nikalipa. Makala ilitoka kama nilivyoituma, na makosa yangu ya tahajia, na hakuna hata mtu mmoja aliyeisoma kabla. Baadaye nilipata kosa ndani yake, na sikuwa na mhariri wa kumwandikia. Uhakiki wa kweli huchukua miezi, mara nyingi mwaka.

Mahali unapochapisha panaweza kuificha hata kazi safi. Royen, mstaafu, mwaka 2014 alithibitisha jambo ambalo wataalamu wa takwimu walikuwa wamelihangaikia kwa miongo kadhaa. Alilichapisha katika jarida lisilofuatiliwa sana, na karibu miaka mitatu ikapita kabla dunia haijatambua.

## Watu

Nitampataje mtu wa kusoma kazi yangu?

Hili ndilo swali lenyewe. Mengine yote ni matawi yake. Mtu wa chuoni hana akili kukuzidi kwa lazima. Ana korido. Anatoka ofisini, anamwambia mwenzake, na kabla chai haijamiminwa ameambiwa kosa lilipo. Wewe huna korido, kwa hiyo fanya kazi yako iwe rahisi kukaguliwa na mgeni aliye na dakika kumi.

Barua iwe fupi. Sentensi ya kwanza iseme umethibitisha nini. Ya pili iseme jambo hilo linagusa makala gani ya msomaji huyo. Ya tatu iulize swali moja mahususi: "Je, hatua ya ukurasa wa 2 inafuatia?" Ambatisha kurasa zisizozidi tano. Usieleze maisha yako, usitaje tuzo, usimwambie kwamba dunia itabadilika.

Barua yangu ya kwanza ilikuwa na kurasa 31. Hakuna aliyejibu. Ya pili ilikuwa na kurasa 4, na mhadhiri mmoja alijibu usiku uleule: "Ukurasa wa 2, umegawa kwa kitu ambacho kinaweza kuwa sifuri." Nilikaa kitandani nimeishika simu, uso umenipanda moto. Lakini ni barua iliyonifaa kuliko zote nilizowahi kupata, na yeye huyo alikuja kuwa mdhamini wangu.

Kurt Heegner, fundi wa redio mjini Berlin, mwaka 1952 alichapisha jibu la swali lililotoka kwa Gauss. Maandishi yake yalikuwa magumu kufuatwa, wataalamu wakadhani yana pengo. Alifariki mwaka 1965. Miaka michache baadaye Harold Stark akaonyesha kwamba kimsingi alikuwa sahihi.

Karibu na nyumbani niende wapi?

Semina za idara za hisabati vyuoni mara nyingi hazina mlinzi mlangoni: andika barua pepe, omba kuhudhuria, kaa nyuma. Tanzania kuna Chama cha Hisabati, CHAHITA. Ukiwa na shahada ya kwanza na ukataka mwaka mmoja wa kusoma kwa ufadhili, AIMS, taasisi ya Afrika ya sayansi za hisabati, ina kituo Kigali. Mtandaoni kuna miradi ya pamoja: mwaka 2024 kundi la watu wa kujitolea, wengi wao wakiwa si wanachuo, lilithibitisha kwamba mashine ya Turing (kompyuta sahili ya kinadharia) yenye hali tano na alama mbili, ikianza na utepe mtupu na hatimaye ikasimama, haiwezi kupita hatua 47,176,870, na uthibitisho ukakaguliwa na mashine.

Wataniibia wazo?

Ni nadra kuliko unavyodhani. Ukiweka makala arXiv, tarehe inabaki milele. Anayeficha kazi kwa hofu ya wizi kwa kawaida huifukia mwenyewe.

## Mambo ya pembeni

Nimegawa pembe yoyote sehemu tatu kwa bikari na rula. Nimpelekee nani?

Usimpelekee mtu. Wantzel alithibitisha mwaka 1837 kwamba haiwezekani kwa pembe zote, na hapa "haiwezekani" si "bado hatujaweza". Akademia ya Sayansi ya Ufaransa iliacha kupokea kazi za namna hii tangu 1775. Mchoro wako ama unakaribia sana bila kufika, ama unatumia rula yenye alama. Ule wa pili unavutia: tafuta ni maumbo gani mengine rula yenye alama inayaruhusu.

Zile dola milioni moja ni kweli?

Ni kweli. Taasisi ya Clay ilitangaza maswali saba mwaka 2000, na moja tu limejibiwa, na Mrusi Grigori Perelman, aliyeikataa tuzo mwaka 2010. Lakini hupeleki jibu kwao. Lichapishwe kwanza, kisha ipite miaka miwili na wataalamu wawe wamelikubali. Ilipotangazwa tuzo ya atakayethibitisha dai maarufu la Fermat mwaka 1908, majaribio 621 yalimiminika Göttingen mwaka wa kwanza pekee, na Edmund Landau akachapisha kadi zenye nafasi tupu: kosa la kwanza liko ukurasa wa ..., mstari wa ... Wanafunzi wake ndio waliokuwa wakijaza.

Nimegundua kosa baada ya kuiweka arXiv.

Weka toleo jipya, au iondoe makala, na useme wazi kosa liko wapi. Matoleo ya awali hubaki yakionekana, hilo huwezi kulifuta. Mwandikie pia kila uliyemtumia. Waliokujibu watakuamini zaidi mara ijayo.

Inalipa?

Hapana.

Nikikwama miezi sita?

Andika kurasa mbili: nilijaribu nini, kilivunjika wapi, mfano upi mdogo ulionikatalia. Weka tarehe, funga kaunta buku, chukua swali jingine. Ile ya kibaraza chenye vipande viwili vilivyovunjika niliifunga Machi mwaka juzi. Mwezi uliopita fundi yule alipita kudai hela ya jirani, akauliza nimefikia wapi, na nikajikuta nimechukua chaki.